Mama wa Kemboi

Kwanza, Kitale
8 Machi 1953

Dada yangu mkubwa Bilha,

Pokea salamu za ndugu yako. Mwili ni mzima, ila moyo umejaa kinyaa, na najua utacheka ukisoma neno hilo kwa sababu umenijua nacho tangu utoto. Wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa nikikataa kula kumbikumbi, na wewe ndiye uliyemwambia Sellah siku ya harusi yetu, "Huyu mume wako ataosha kikombe hata baada ya malaika kunywa." Sellah ameondoka sasa mwaka wa tatu, na sababu aliyowapa wazee ilikuwa hiyo hiyo ya vikombe.

Lakini kinyaa cha sasa si cha vikombe. Wiki iliyopita, kwa ajili ya hii vita ya msituni, malori ya serikali yalikuja kuwachukua Wakikuyu wote wa mashamba ya huku na kuwarudisha kwao, wengine wakiwa wamezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia na kwao hawakujui. Kagwe, yule seremala rafiki yangu niliyekuandikia habari zake, alipanda lori na mkewe na watoto wanne. Vumbi halijatulia, majirani walikuwa wameshaingia nyumbani kwake. Watu ninaoimba nao Jumapili! Mmoja alitoka na sufuria ambayo uji wa watoto ulikuwa bado moto ndani yake, akaumwaga nje, akaenda nayo. Mzee wa kanisa na mama mmoja walivutana blanketi mpaka likapasuka. Nilisimama kwenye mlango wa ghala langu la mahindi nikaona nitatapika.

Nimewahi kukudokezea kuhusu kukaa kwetu. Sasa nikuambie sawasawa. Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, mimi na Kagwe na Kemboi, mkamuaji wa ng'ombe anayetoka Mlima Elgon, tulikuwa tunaingia ghalani kati ya magunia na kukaa kimya. Hakuna wimbo, hakuna kitabu, hakuna wa kuhubiri. Tulianza kwa sababu mvua ilitufungia humo siku moja na kila mtu alikuwa amechoka kuongea. Baadaye tukaona hatuwezi kuacha. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, tukiwa tumekaa hivyo, nilipoteza habari ya mahali mwili wangu unapoishia. Nilisikia pumzi tatu na sikujua yangu ni ipi. Si ndoto, dada, nilikuwa macho. Nilijua, kama ninavyojua jina lako, kwamba Mungu hakuumba watu wengi. Aliumba mtu mmoja, na huyo mtu ana nyuso nyingi. Siku hiyo Kemboi alipotoa kibuyu chake cha maziwa yao ya kugandishwa na kutiwa mkaa, nilinywa pale pale midomo yao ilipogusa. Mimi, Zakayo! Nikajiambia kinyaa changu kimekufa.

Sasa ombi. Anayekupa barua hii ni Kemboi mwenyewe, na kwenye lori la mahindi yuko mama yake. Alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto umekufa. Kemboi hana mke, na ng'ombe hawangoji. Nakuomba umpokee katika nyumba yako mpya ya bati mpaka apone, au mpaka Mungu aamue. Hasumbui. Anajua Kiswahili kidogo cha shambani.

Mimi ndugu yako,
Zakayo Wepukhulu


Bungoma
17 Machi 1953

Zakayo,

Salamu nimepokea na mzigo nimepokea. Ningejua ni mzigo gani ningepokea salamu peke yake.

Unaandika "hasumbui". Nani alikuambia? Huyu mama anajinyea. Anajinyea kitandani, na kinyesi kikizidi kinashuka kwenye sakafu yangu ya simiti ambayo haijamaliza mwaka. Nafua mashuka asubuhi, nafua jioni, kamba yangu haina tena nafasi ya nguo zangu. Ugoro anavuta kwa pua moja na unatokea ile nyingine. Mate anatemea kwenye kopo, na siku nyingine kopo analikosa. Nilimpikia mboga ya mrenda kwa mikono hii, na maziwa, laini kabisa. Akaweka mdomoni, akautoa kwa kidole, ukavutika mpaka kifuani, halafu akaniangalia kama mimi ndiye nimetapika. Yeye! Kunionea kinyaa mimi, ndani ya nyumba yangu!

Na hayo masikio. Yametobolewa na kuvutwa mpaka yanagusa shingo. Wamama wa kanisa walikuja Alhamisi kwa maombi, kama wanavyokuja tangu nyumba hii iezekwe, wakaangalia masikio badala ya Biblia. Mama Mukhisa akasema, "Ati Bilha, umeweka Mrwa wa mlimani kwa nyumba? Si hawa ndio walichukua ng'ombe ya babu yako?" Nikasema ni kazi ya huruma. Akasema, "Huruma yako iko na harufu, bana." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Walipoondoka nikalia kwa hasira.

Mtu mmoja mwenye nyuso nyingi, ndivyo unavyosema. Sawa. Huyo mtu wako ana upande wa mbele na upande wa nyuma, na wewe umebaki na wa mbele ukanitumia mimi wa nyuma.

Jambo lingine. Kemboi alikaa kidogo akanywa chai, na hakumtazama mama yake usoni hata mara moja. Hakumuaga. Mwanaume gani huyo? Nimeliwaza sana.

Niletee sabuni ya kufulia, miche minne. Na uniambie huyu mama anaitwa nani, kwa sababu nikimuuliza ananyamaza.

Dada yako,
Bilha Nakhungu


Kwanza, Kitale
2 Aprili 1953

Dada mpendwa,

Sabuni imo kwenye kifurushi pamoja na shuka kuukuu. Jina lake usihangaike nalo, mwite Mama tu.

Nakuhurumia, lakini pia nakuonea wivu. Ukimwosha huyo mzee usifikiri unamwosha mgeni. Kinyaa ni pazia tu, dada. Nami nilikuwa nyuma ya pazia hilo miaka thelathini na minne, mpaka kile kibuyu kikanitoa. Ukivumilia utaona kwamba anayeosha na anayeoshwa ni yule yule. Mwombe Mungu akuonyeshe, naye atakuonyesha.

Huku tumebaki wawili. Tunakaa Jumamosi, mimi na Kemboi, lakini kimya hakiji. Tunasikia panya tu. Naona ni kwa sababu ya hawa majirani, maana nikiwatazama roho inanichafuka. Jumapili nilikataa kuketi benchi moja na yule mzee wa blanketi. Nilisimama ibada yote.

Usiwaruhusu wageni wengi kumwona mama wa Kemboi. Mgonjwa anataka utulivu. Na sokoni usiongee habari zake, watu wa siku hizi wana maneno.

Zakayo


Bungoma
21 Aprili 1953

Zakayo,

Nimekulea tangu una miaka sita. Nimekuchapa kwa mengi, lakini kwa uongo sikuwahi, kwa sababu hukuwa mwongo. Nilikuwa najisifia hilo kwa watu.

Kuna mchungaji wa ng'ombe wa mlimani anaitwa Kipketer, huniletea maziwa. Aliposikia nina mama wa kwao alifurahi sana. Alikuja na kibuyu cha zawadi, akachuchumaa mbele ya kitanda, akamwamkia kwa lugha yao. Mama akamtazama tu. Akarudia. Akamtajia koo zao zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo. Mwishowe akasimama, akaniambia polepole, "Mama Bilha, huyu si wetu. Hata hiyo maskio, kwetu hatutobolangi hivyo." Akafikiri kidogo. "Lakini mimi sijaona kitu." Akaacha maziwa akaenda zake.

Nikasimama nyuma ya mlango nikamsikiliza akiomba. Kila mara anamwita Ngai. Mimi si mjinga, Zakayo, hilo si neno la mlimani, ndivyo Wakikuyu wanavyomwita Mungu. Niliingia nikamuuliza, "Wewe ni mama ya Kagwe?" Akaanza kulia kwa jicho moja, lile linalofanya kazi. Anaitwa Nyaruai. Amekaa kwangu wiki sita bila jina, kwa sababu yako.

Hapa barazani tumesomewa amri: atakayemficha Mkikuyu asiye na pasi atafungwa. Msaidizi wa chifu, Wabwile, hupita kwangu kila Ijumaa kunywa maji. Ananiuliza hali ya mgonjwa, na mimi kwa mdomo wangu wa Kikristo nimekuwa nikimjibu, "Mama wa Kemboi anaendelea vizuri." Nikifungwa, nyumba hii inakuwa ya nani? Nilianza kufyatua matofali mume wangu alipozikwa, na nimeyafyatua miaka kumi na moja.

Wala si kabila lake linalonitia kinyaa. Ni wewe. Unanihubiria kwamba watu wote ni mtu mmoja, halafu mimi dada yako unaona sitoshi kuambiwa huyo mmoja ni nani.

Nijibu swali hili tu, mahubiri weka kando. Kwa nini hakukaa kwako? Una vyumba viwili.

Bilha


Kwanza, Kitale
3 Mei 1953

Dada,

Nimeianza barua hii mara tano.

Vyumba viwili ninavyo. Bwana wa shamba hajui hata majina yetu, na mnyapara alihongwa kuku na Kemboi, akanyamaza. Nyaruai angekaa hapa mwaka mzima. Hakuna askari aliyekuja kumtafuta. Sababu ya kumleta kwako haikuwa askari.

Siku ya malori Kagwe alimficha mama yake kwenye banda la ndama, kwa sababu kwa hali ile asingemaliza safari. Alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye ulisema sisi ni mtu mmoja. Basi mama nakuachia wewe." Kemboi alikuwepo. Nikajibu ndiyo, na nikajibu kwa sauti nzuri.

Alikaa kwangu siku nne. Ya kwanza nilijifanya sioni. Ya pili harufu ilijaa vyumba vyote viwili. Nilichota maji, nikajifunga leso puani, nikamgeuza. Nilipoona kilichokuwa pale nilitapika, dada, na nilimtapikia miguuni. Alivuta ncha ya shuka yake kwa mkono ule mzima akanipangusa mdomo. Nikakimbia. Siku ya tatu Kemboi ndiye aliyemwosha. Siku ya nne sikuingia nyumbani kwangu kabisa, nilijilaza ghalani juu ya yale magunia, mahali pale pale nilipoona mambo makubwa. Kemboi aliponiuliza tufanyeje, nikatunga habari ya hatari na askari. Alijua nadanganya. Ndiyo maana pale kwako hakuweza kumtazama. Nilikuwa nimempa mama asiye wake na aibu isiyo yake.

Na kabila nilikuficha kwa sababu niliogopa utasema hapana, halafu arudi kwangu. Hakuna sababu nyingine.

Jumamosi iliyopita nilikaa peke yangu, Kemboi hakuja. Kimya kikaja. Niliona tena lile jambo la mtu mmoja, wazi kuliko mara ya kwanza, lakini safari hii yule mtu alikuwa ameshika sufuria ya watoto wa Kagwe na anamwaga uji, na mikono ilikuwa hii yangu. Mimi nilitaka kuwa mmoja na Kagwe akiwa na randa yake mkononi. Nilitaka kuwa mmoja na Kemboi akicheka. Watu wasafi. Sikujua kwamba ukiingia humo unawakuta wote. Yule mzee alichukua blanketi. Mimi nilitupa mtu, halafu nikakuandikia wewe juu ya mapazia. Najichukia, dada. Wala hakuna nuru iliyofuata, usidhani huu ni ushuhuda wa kanisani.

Ukitaka kumrudisha, mrudishe. Nitampokea. Kutapika siwezi kuahidi kwamba sitatapika.

Zakayo


Bungoma
7 Juni 1953

Zakayo,

Barua yako nilisoma mara mbili nikaitia motoni, kwa usalama na kwa hasira. Mwezi mzima sikutaka kukuandikia. Kumrudisha simrudishi. Mtu si debe la kupelekwa na kurudishwa.

Nakuandikia kwa sababu nimefika mwisho. Nyaruai hataki kukaa ndani. Ilianza wiki mbili zilizopita. Jua likianza kushuka anajiburuta kwa mkono mmoja, anateremka kizingiti, anaenda kulala chini kwenye migomba. Mvua za huku unazijua. Namrudisha, namwosha tope, namfunika. Kesho yake tena. Hali chakula, na kifua kimeanza kukoroma. Nilimuuliza, "Nyumba yangu imekukosea nini?" Akasema, "Nyumba mzuri. Mimi toka nje." Nikamuuliza tena na tena, ni hayo hayo: nyumba mzuri, mimi toka.

Basi nimeelewa. Anaona kinyaa. Miezi mitatu nimemwosha sehemu ambazo hata mama hamwoshi binti yake. Nimemtoa ugoro puani kwa kidole changu. Na bado nyumba ya Mbukusu inamchukiza kuliko tope! Mrenda niliusamehe. Hili limeniuma.

Sasa ninafunga mlango kwa komeo. Juzi aliukwaruza mpaka ukucha ukang'oka. Wabwile alikuwa uani anakunywa maji yake, akauliza ni nini. Nikasema mbuzi. Akasema, "Mbuzi yako inakohoa kama mtu," akarudisha kikombe akaenda. Sijui anajua nini.

Kama kuna njia ya kumpata Kagwe, muulize mama yake ana shida gani na mimi.

Bilha


Kwanza, Kitale
19 Juni 1953

Dada,

Fungua mlango. Ukishafungua ndipo uendelee kusoma.

Kagwe amejibu, kupitia kwa mchungaji mmoja wa kanisa la huko kwao. Kwa wazee wao, mtu akifia ndani, nyumba imechafuka. Hailaliwi tena. Inabomolewa au inaachwa ianguke yenyewe. Kwa hiyo zamani mgonjwa aliyekaribia alitolewa nje angali anapumua, akawashiwa moto, akangojea huko, ili wenye nyumba wabaki na nyumba yao. Kagwe na wenzake wa kanisa wameacha desturi hiyo, lakini mama yake hakubatizwa. Nakunakilia maneno yake: "Mama akitoka nje mwenyewe, ujue anajua siku zake, na ujue anampenda mwenye nyumba."

Analiona bati lako, dada. Anaiona simiti. Hataki uibomoe kwa ajili yake.

Nimeomba ruhusa nikanyimwa. Nakuja bila ruhusa. Funguo za ghala nampa Kemboi.

Zakayo


Kwanza, Kitale
13 Julai 1953

Dada yangu,

Nilifika salama. Kazi sikufukuzwa, nimeshushwa. Karani wa ghala sasa ni mwingine, mimi nashona magunia.

Nakushukuru kwa kitu kimoja. Siku ile nilipokuwa nauosha mwili wa Nyaruai, ulisimama mlangoni na ndoo ya pili na hukusema neno. Ungenipongeza ningeshindwa. Ulinisikia nikitapika kwenye migomba mara mbili, na mara ya tatu tumbo lilikuwa halina kitu. Nilikuwa nangoja kinyaa kiondoke, kama kilivyoondoka ghalani. Hakikuondoka hata kidogo. Nilimwosha nikiwa nacho mpaka mwisho, mgongo, mapaja, katikati ya vidole. Sikuona mtu mmoja mwenye nyuso nyingi. Niliona mama wa Kagwe, ana kovu la moto kwenye goti na kidole kimoja hakina ukucha.

Jumamosi nimekaa na Kemboi. Alinipa kibuyu, nikanywa, kikanichefua kama mara ya kwanza maishani. Yule mzee wa blanketi akapita mlangoni, akauliza tunafanya nini humo kila wiki. Kemboi akamjibu, "Tunakaa tu. Ingia." Sikudhani ataingia. Aliingia, ananuka tumbaku na jasho la wiki, akatafuta mahali. Nilimchukia vile vile kama zamani. Nikasogea nikampa nafasi kwenye gunia langu, na tukakaa mpaka jua likazama.

Nduguyo,
Zakayo


Bungoma
26 Julai 1953

Kwa Kagwe, mwana wa Nyaruai,

Hunijui. Mimi ni Bilha, dada ya Zakayo wa Kwanza. Barua hii inakujia kwa mkono wa mchungaji, na pole nakupa kwanza kabla ya habari. Mama yako alikufa Jumamosi tarehe nne mwezi huu, saa sita mchana.

Alifia ndani. Nataka ulisikie kwangu, usije ukalisikia kwa mwingine ukafikiri nilimdharau. Barua yako ilipofika nilitoa komeo. Nilimbeba mwenyewe mpaka nje, nikamwashia moto chini ya paa la jikoni, nikakaa naye mchana kutwa. Kulipoanza kunyesha nikamwambia nimeshajua kwa nini anatoka, na kwamba sibomoi nyumba, na anaweza kufia ndani. Akakataa. "Nyumba mpya," akasema. "Bati mpya. Hapana, mama."

Mimi si mtu wa maneno matamu. Mama yako alinitia kinyaa siku ya kwanza, na siku ya mwisho alinitia kinyaa. Sitakuandikia kwamba nilimwona malaika. Nilimwambia ukweli: "Wewe mama, hii nyumba imeshanuka wewe kila kona. Umenyea godoro, umenyea simiti, umetemea ukuta. Kufa kwako kutaongeza nini?" Alinitazama. Halafu akacheka, kwa ule upande wa mdomo unaocheka, akacheka mpaka akakohoa. Akanyosha mkono nimbebe. Aliishi siku sita baada ya hapo, na hakujiburuta tena kwenda nje. Zakayo alikuwa amefika, na ndiye aliyemwosha alipokufa.

Nyumba nalala ndani yake. Wamama wa kanisa hawaji tena Alhamisi. Wanasema ina harufu, na kweli inayo.

Siku ya kuzika, Wabwile, msaidizi wa chifu, alikuja na kitabu chake cha vifo. Nilikuwa nimejiandaa kusema mama wa Kemboi, kama nilivyokuwa nimesema miezi yote. Akauliza, "Nani amekufa hapa?"

Nikasema, "Mama yangu."

Akanitazama sana. Wabwile ni jirani, tumekua pamoja. Akasema kwa sauti ya chini, "Bilha, mama yako si tulimzika mwaka wa nzige? Mimi nilibeba."

Nikasema, "Huyo mlimzika. Huyu ni mwingine."

Akauliza jina. Nikalitaja lote, Nyaruai, sikulipunguza. Wabwile akalamba penseli yake akaandika, akafunga kitabu, akavua kofia. Akaniambia, "Pole kwa kufiwa na mama," akachukua jembe akaenda kusaidia kuchimba.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, upande tunaozika jamaa. Siku ukipewa pasi ya kusafiri, njoo. Ukifika Bungoma usiulize kaburi la Mkikuyu, hakuna atakayekuonyesha. Uliza kwa Bilha aliyefiwa na mama.

Bilha Nakhungu